Nimwelezeje mwanafunzi wa Newala lava nzito na lava nyepesi?

Mwalimu_Kitangari

Habari zenu wana jukwaa. Mtwara kuchele!

Nafundisha jografia sekondari moja ya kata huku Newala. Wiki iliyopita niliingia kidato cha tatu na mada ya volkano, nikatoka nimechoka kama niliyepalilia ekari mbili za mikorosho peke yangu. Nawasimulia ilivyokuwa, anayeweza anisaidie kabla ya Alhamisi ijayo, maana nina vipindi viwili mfululizo.

Nilianza vizuri tu. Nikasema lava nzito haisafiri mbali, inalundikana karibu na tundu, mlima unakuwa wa miteremko mikali. Lava nyepesi inatambaa, mlima unakuwa mpana wa kulala. Nikachora ubaoni. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kitu kizito si ndicho kinachoshuka kwa nguvu? Gunia la korosho likiachiwa mlimani linafika chini kabla ya mfuko wa makapi. Sasa lava nzito inabakije juu?"

Nikasema swali zuri, tutalirudia. Mnajua maana yake mwalimu akisema hivyo.

Nikaenda kwenye lava ya asidi na lava ya besi, ndiyo majina ya kitabu. Kijana akauliza kama lava ya asidi inakula nguo kama maji ya betri. Nilipokusanya madaftari nikakuta wanne wameandika "lava ya msingi", kama haki za msingi, kwa sababu neno la Kiingereza la besi ndilo hilo hilo la msingi na kamusi waliyonayo imewapa maana ya kwanza iliyokutana nayo. Siwezi kuwalaumu.

Kuhusu michoro, darasa zima limechora mlima mmoja: pembetatu iliyochongoka, moshi juu, theluji kidogo. Hata niliposema mchoreni ule mpana wa Hawaii, wamechora pembetatu ile ile wakaandika Hawaii chini yake. Na mmoja ambaye kwao ni Masasi anashikilia kwamba majabali ya Masasi ni volkano zilizozimika, babu yake kamwambia.

Projekta hatuna. Kitabu kimoja wanafunzi sita. Mwenzangu wa kemia ananishauri nifanye ile ya siki na magadi, povu linatoka juu ya kilima cha udongo. Inasaidia kweli au ni mchezo tu? Nataka kitu watakachokishika kwa mikono.

Chikongola_Mjini

Mwalimu, korosho zipo, unahangaika nini? Waambie wachome korosho na ganda lake. Yale mafuta yakimrukia mtu mkononi ataijua lava ya asidi maisha yake yote 😂

Somoe_wa_Mtama

Chikongola acha utani, halafu mzazi akija shuleni na mtoto mwenye malengelenge utakuja kumjibu wewe? Ingawa kwa kweli yale mafuta ya ganda yana asidi ndani yake. Lava haina habari hiyo kabisa, nitafika huko.

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera. Pole kwa sababu nimepita hapo hapo ulipokwama. Hongera kwa sababu una mwanafunzi anayefikiri. Mpe peni huyo binti.

Nafundisha Lindi vijijini, mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya siki na magadi. Watoto walipiga makofi, mwalimu mkuu alikuja kuchungulia dirishani akatabasamu, nikajiona nimefaulu. Kwenye mtihani wa muhula, kijana mmoja akaandika kwamba volkano husababishwa na magadi kukutana na siki chini ya ardhi. Nilimpa sifuri na usiku sikulala, kwa sababu alichoandika ndicho nilichomwonyesha. Povu halionyeshi mnato, yaani kile kinachofanya kitu kigome kutiririka, wala kwa nini mlima huu ni mpana na ule umesimama. Povu ni povu.

Sasa shida yako haiko kwenye volkano, iko kwenye neno letu "zito". Tunasema mzigo mzito, tunasema uji mzito. Neno moja, mambo mawili. Mzigo mzito ni wa kilo. Uji mzito ni ule unaogoma kutiririka. Binti yako amechukua la kwanza, wewe ulikuwa unasema la pili, na hakuna aliyekosea. Usipoyatenganisha hayo mawili kabla ya kugusa mlima wowote utazunguka mpaka Alhamisi ya mwaka kesho kama ngamia wa kinu.

Mimi natenganisha kwa mafuta ya ufuta. Msimu huu hayakosekani, kila nyumba ina chupa. Chukua gilasi ya kioo, weka maji nusu. Kabla hujamimina mafuta, uliza: kipi kizito, maji au mafuta? Wacha wabishane, usiwaamue. Kisha mimina taratibu. Mafuta yanaelea. Kwa kilo, basi, mafuta ni mepesi kuliko maji, yasingeelea vinginevyo. Halafu chukua bati au kipande cha kioo cha dirisha, kiegemeze kwenye tofali, weka kijiko cha maji na kijiko cha mafuta juu kwa pamoja, uachie. Maji yamefika chini, mafuta bado yanajivuta.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu alisimama akasema, "Kwa hiyo mafuta ni mepesi na ni mazito." Niliiandika sentensi hiyo ubaoni kama alivyoisema, nikaiacha mpaka kipindi kiishe. Hapo ndipo nilipoleta neno mnato, wakalipokea kama watu waliokuwa wanalisubiri. Tangu hapo ni marufuku kusema lava nzito darasani kwangu. Atakayesema anafuta ubao. Mimi mwenyewe nimeshafuta mara tatu.

Na mwambie binti yako jambo litakalomfurahisha: ukipima lita moja ya lava ya mnato mdogo, ile ya basalti inayotambaa Hawaii, na lita moja ya ile ya mnato mkubwa, ile inayotambaa ndiyo yenye kilo zaidi. Ina chuma na magnesi nyingi. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kushangaa.

Asidi na besi: mwambieni ukweli tu kwamba ni majina ya zamani. Wataalamu wa kale walidhani silika iliyomo ndani ya mwamba imetokana na asidi fulani. Dhana ilikufa, jina likabaki, kama mtaa unaoitwa Sokoni na soko lilishahamishwa zamani. Kwenye mtihani waandike majina ya kitabu wapate maksi zao, lakini kichwani waweke silika nyingi na silika kidogo. Basalti ina silika karibu asilimia 50. Rayoliti, ile ya mnato mkubwa, inafika 70 na kupita. Silika ni ile ile iliyo kwenye mchanga wa mtoni na kwenye kioo.

Kwa nini silika ilete mnato? Kwa sababu chembe ya silikoni hushikana na oksijeni nne, na oksijeni hizo huweza kushikwa na silikoni nyingine, ikawa mnyororo, minyororo ikasukana. Mimi hapo huwaambia wafikirie mlenda. Majani yale yale, maji yale yale, lakini ukinyanyua kijiko unavuta kamba. Ndani ya mlenda kuna nyuzi ndefu zilizosokotana, hazitaki kupishana. Darasa zima linacheka na darasa zima linaelewa, maana kila mtu ameshajichafua shati kwa mlenda.

Sasa ya mikono. Unahitaji maboksi mawili ya katoni, chupa mbili laini za maji zenye kizibo, na unga wa muhogo. Toboa boksi katikati, ingiza mdomo wa chupa kutokea chini, ili mdomo uchungulie tu juu ya boksi. Chupa moja ina uji mwepesi wa unga na maji baridi, nyingine uji ambao ukichota kwa kijiko haudondoki haraka. Mwanafunzi mmoja anaminya chupa polepole, mwingine anashika rula. Minya, subiri, minya tena. Wapime upana wa chini na kimo cha juu, wagawanye kimo kwa upana. Usiwape jibu. Ule mwepesi utalala kama chapati na kila ukiminya unazidi kwenda pembeni. Ule wa mnato utaota kama kichuguu.

Kutokea chini ni muhimu, usiwaruhusu wamimine kutoka juu. Nilikosea hivyo mwaka mmoja nikapata wanafunzi wanaodhani lava inanyesha.

Nisipolisema hili utakuja kunilaumu: hata hiyo lava tunayoiita ya mnato mdogo haikaribii maji. Basalti ikitoka kwenye tundu ina joto la kama nyuzi 1,100 hadi 1,200 na mnato wake unaizidi asali. Rayoliti ina joto la chini zaidi, huwa chini ya nyuzi 900, na mnato wake ni wa kutisha, inasukumwa zaidi kuliko inavyotiririka. Joto nalo linafanya kazi. Kwa huku kwetu mfano ni mafuta ya nazi. Julai hii asubuhi chupa imeganda nyeupe, unaiweka juani, saa nne inamiminika. Lava ikipoa hufanya vile vile, punje za mawe zinaanza kujitengeneza ndani yake na mwendo unakufa.

La mwisho, na hili mimi naliona kubwa kuliko la umbo: gesi. Waulize nani amewahi kusonga ugali. Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapanda, yanapasuka, mvuke unaenda zake, hakuna anayeumia. Ukiongeza unga, ukaanza kutokota, ndipo unaporuka, puu, unakuunguza mkono. Moto ni ule ule. Mvuke umekosa njia ya kutoka, umejikusanya, umetoka kwa hasira. Volkano ya mnato mkubwa ndivyo inavyoua. Kule Martinique, tarehe 8 Mei 1902, mlima Pelée ulitoa wingu la gesi na majivu ya moto lililoteremka juu ya mji wa Saint-Pierre, wakafa watu wapatao 28,000. Na baadaye mwaka huo huo lava ikaanza kusukumwa juu kutoka tunduni ikiwa imeganda tayari, kama dawa ya meno iliyokauka mdomoni mwa tyubu, ikasimama mnara wa karibu mita 300 kabla haujabomoka. Chukua tyubu ya dawa ya meno ya zamani uwaonyeshe.

Samahani kwa urefu. Nikianza na uji siachi.

Mzee_wa_Mkomaindo

Mwalimu Kitangari, mwambie kijana wa Masasi amsalimie babu yake, lakini majabali yetu si volkano. Nimefanya kazi na timu za uchimbaji visima miaka mingi, nimetoboa pembeni ya hayo majabali. Ni miamba mikongwe, ina mamia ya mamilioni ya miaka, ilipikwa na kukandamizwa chini sana ardhini mpaka ikageuka. Udongo na mawe laini ya kuzunguka yameliwa na mvua, hayo magumu yakabaki yamesimama. Yaani jabali halikupanda, ni sisi tulioshuka. Ukiliangalia kwa karibu utaona mistari ya rangi nyeupe na nyeusi imejikunja kama kitenge kilichokunjwa vibaya. Lava haina mistari ya namna hiyo.

Na nyie wa Newala mmekaa juu ya mchanga uliogandamana ukawa mwamba. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa kuanzia 1909 hadi 1913, nayo ilikuwa ndani ya matabaka ya mchanga na matope. Kwa hiyo ukitaka volkano kusini mwa nchi panda gari uende Mbeya, ukaone Rungwe.

Mruangwa_wa_Natron

Shikamoo mzee wa Mkomaindo, shikamooni walimu.

Mimi kwetu Ruangwa, lakini maisha yamenitupa Engare Sero, napandisha wageni volkano ya Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Nimesoma mada hii usiku huu mtandao ulipokubali, nikasema niongeze cha kwangu, kwa sababu dada Somoe ametaja Hawaii na Martinique na hapa nyumbani tuna lava ambayo dunia nzima haina nyingine inayotoka sasa.

Tunaondoka kama saa sita usiku ili tufike juu kabla jua halijawa kali. Mteremko ni mkali, sehemu nyingine unashika kwa mikono. Ukifika ukingoni unachungulia shimoni. Mgeni anategemea mto mwekundu kama wa kwenye picha. Anaona kitu cheusi, cheusi kama oili chafu ya gari, kinatoka kwenye vichuguu vidogo chini kule na kinakimbia. Hakijivuti, kinakimbia kama mafuta ya kupikia yaliyomwagika jikoni. Usiku tu ndipo unaona wekundu hafifu. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, nusu ya ile ya Hawaii. Na ukirudi baada ya siku chache, ile nyeusi imegeuka kijivu halafu nyeupe, kwa sababu inanyonya unyevu wa hewa. Watu wa chini wanaona mlima una weupe juu wanadhani ni theluji.

Sababu ni kwamba lava hiyo karibu haina silika. Hakuna minyororo ya kusokotana, hakuna mlenda. Imejaa kaboneti za sodiamu, kalisi na potasi. Sasa dada, kaboneti ya sodiamu ni nini kwa Kiswahili cha jikoni? Magadi! Kwa hiyo yule kijana uliyempa sifuri, kwa mlima mmoja duniani, hakuwa mbali sana. Toa siki tu.

Somoe_wa_Mtama

Mruangwa, umenichoma. Kijana yule sasa hivi ni fundi simu Lindi mjini. Nikipita nitamwambia.

Mwalimu_Kitangari

Jamani, nashukuru sana. Dada Somoe nimenakili yote kwenye daftari la maandalizi. Mzee, salamu za babu zitafika.

Lakini Mruangwa umenipa ugonjwa mpya. Kama lava ya Lengai inakimbia kama mafuta ya kupikia, na lava inayokimbia hujenga mlima mpana wa kulala, mbona Lengai unapandwa kwa kushika na mikono? Nimetafuta picha yake, ni pembetatu kamili, ile ile wanayochora wanafunzi wangu. Yule binti ataniuliza, namjua.

Somoe_wa_Mtama

Atakuuliza, na ukiwa nalo jibu kipindi chako kitakuwa kizuri kuliko changu.

Mnato unatawala umbo pale ambapo mlima umejengwa na lava iliyotiririka. Lakini milima mingi haikujengwa hivyo tu. Lengai, sehemu yake kubwa ni majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa juu vikaanguka, pamoja na lava za aina nyingine zenye silika zaidi. Ile nyeusi inayokimbia ni chokaa tu juu ya ukuta. Vitu vilivyorushwa havijali mnato, vimeshaganda hewani. Vinajali kitu kingine.

Nenda ghala lolote la ushirika wakati wa korosho. Wanapomwaga gunia sakafuni kwa ajili ya kuchambua, angalia lile rundo. Ukimwaga gunia la pili juu yake rundo linakua, lakini ubavu wake unabaki na mwinamo ule ule. Ukizidisha, korosho zinateleza mpaka zinarudi kwenye mwinamo huo. Ufuta hufanya hivyo, mchanga mkavu hufanya hivyo, na vipande vya volkano hufanya hivyo, kwenye nyuzi 30 na kidogo. Ndiyo maana vilima vidogo vya kokoto za volkano vina ubavu mkali ingawa magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka kabla haujatoka nje, mara nyingi ni basalti, ile ile ya mnato mdogo. Ilitoka kwa kurushwa, haikutambaa.

Kwa hiyo mpe mwanafunzi maswali mawili. La kwanza, kilichojenga mlima huu kilitiririka au kilianguka? Kama kilitiririka, ndipo uulize mnato. Kitabu kinaruka la kwanza, na mimi nimeliruka miaka mingi tu.

Mfano mzuri ni majirani wawili wa Kongo, karibu na Goma. Nyamulagira ni mpana wa kulala, ngao kabisa. Nyiragongo umesimama, pembetatu. Wako karibu kiasi cha kuonana. Na Nyiragongo ndio wenye lava ya kukimbia ya kuogopesha: Januari 1977 ziwa lake la lava lilipasua ubavu likamwagika lote kwa chini ya saa moja, lava ikateremka kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa. Mwaka 2002 ikaingia Goma mjini, na 2021 ikateremka tena mpaka ukingo wa mji. Ubavu mkali na lava nyepesi, pamoja. Usimpe mwanafunzi kanuni isiyo na nafasi ya Nyiragongo.

(Nimesema lava nyepesi. Nafuta ubao.)

Mruangwa_wa_Natron

Nathibitisha hilo la majivu. Mwezi Septemba 2007 Lengai uliacha lava ukaanza kulipuka majivu, ukaendelea hadi 2008. Mimi nilikuwa bado sijafika huku, lakini wakongwe wanasimulia kwamba kabla ya hapo shimo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, unatembea juu ya lava iliyoganda kama uwanja wa mpira. Baada ya hapo likabaki shimo refu. Njia tunayopandia ina majivu yaliyoshikana, yana mitaro ya mvua. Ukiteleza unajua unateleza juu ya nini.

Mwalimu_Kitangari

Nimerudi. Leo Ijumaa, jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe, naandika kabla sijasahau.

Mafuta ya ufuta yalifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Nusu ya darasa walikuwa tayari kuapa kwamba mafuta yatazama. Yalipoelea pakawa kimya, halafu binti wa mbele akasema polepole, "Basi tulikuwa tunagombana kwa neno." Sikuwa na cha kuongeza. Peni nimempa.

Mlenda waliuelewa kabla sijamaliza sentensi. Ugali unaoruka, wasichana wengi walionyesha makovu madogo mkononi, wavulana wakaanza kuonyesha ya kwao ya mpira wakidai ni ya ugali.

Uji ndio ulioleta kesi. Mama mpishi wa shule alipoona unga wa muhogo unaminywa kwenye maboksi alisimama mlangoni mikono kiunoni: watoto wanakunywa uji wa kupimiwa, na mwalimu anachezea unga? Ana haki. Unga ulikuwa wa kwangu, nimeununua sokoni, lakini yeye hakujua hilo, na hata angejua bado inauma kuona. Nimekubaliana naye kwamba mwakani nitatumia udongo wa kichuguu uliochekechwa na maji. Nimejaribu jioni nyumbani, unafaa, ila lazima uchekeche vizuri la sivyo kokoto inaziba mdomo wa chupa.

Kundi moja chupa ya uji wa mnato iligoma kabisa. Wakaminya, wakaminya, kijana mwenye nguvu akaminya kwa magoti. Ikapasuka. Uji ubaoni, uji kwenye shati langu, uji kwenye daftari la mahudhurio. Nikataka kukasirika, mmoja akapiga kelele "Martinique!" na darasa likanishinda. Nimeacha doa la ubaoni lilivyo, linaeleza vizuri kuliko mimi.

Vipimo vya kundi bora: uji mwepesi upana sentimita 31, kimo sentimita moja. Wa mnato upana 9, kimo 5. Nikawaambia wachore upya Hawaii. Safari hii wengi wamechora kitu kama chapati iliyofutuka katikati. Nikawapa vipimo halisi, kwamba Mauna Loa una mita 4,169 juu ya bahari lakini ubavu wake umelala sana, hata dereva wa lori asingelalamika. Wakashangaa mlima mrefu hivyo unaweza usionekane mkali. Wanne wa lava ya msingi wamesahihisha wenyewe.

Kwenye Lengai, kama nilivyowaambia, swali lilikuja. Lakini halikutoka kwa binti, lilitoka kwa yule kijana wa Masasi, ambaye tangu aambiwe habari za majabali alikuwa amenuna nyuma kule. Nilimwaga debe la ufuta sakafuni juu ya mkeka. Nikamwaga la pili. Wakapima kwa kipimapembe cha mbao cha ubaoni, wakapata nyuzi 30 na kitu mara zote mbili. Alikaa ameinama juu ya lile rundo muda mrefu, anachota anamwaga, anachota anamwaga.

Asubuhi ya leo amekuja na kipimapembe kidogo cha plastiki na karatasi. Jana jioni amepima rundo la mtama, la mchanga wa fundi wa jirani, la majivu ya jikoni na la ufuta wa babu yake. Majivu yamemsumbua, anasema yalisimama zaidi kuliko mengine halafu yakaporomoka upande mmoja ghafla, na anataka kujua kwa nini. Babu naye ametuma ujumbe kwamba ufuta wake umepungua kisado kimoja, uko wapi.

Dada Somoe, la ufuta nitalilipa. La majivu nakuachia wewe.